Kikombe, Kisahani, Sahani

Jumamosi, 4 Oktoba

Wameanza kuitukana kabla haijatoka kwenye sanduku. Ni picha tu za bastola mpya, lakini kundi letu la WhatsApp, Shabaha Texas, limejaa sauti na vicheko tangu asubuhi. Severin wa Fort Worth, ambaye ameshika bastola miezi mitatu tu maishani mwake, anasema ina pua ya drili. Mwingine wa mji wa Katy anauliza kama inauzwa pamoja na magurudumu. Nusu ya kundi wanaiponda, nusu wameshaipenda kufa, na hakuna hata mmoja aliyeigusa.

Ni bastola ya kulengea karatasi, basi. Kile chuma cha juu kinachorudi nyuma kila ukifyatua, slaidi, wamekirefusha kupita kawaida, kwa hiyo alama ya mbele imekaa mbali na alama ya nyuma. Jicho la mtu wa miaka hamsini na saba kama mimi huiona vizuri zaidi alama iliyosogea mbele. Tena ukikosea kulenga hata kidogo sana, unaliona kosa lako kabla ya kufyatua. Nimewaeleza hivyo na wametulia. Kundini hakuna anayenunua kitu kabla Mwenda hajapiga risasi hamsini na kutoa hukumu, na sioni haya kusema naipenda kazi hiyo.

Nimemwagiza Shaame. Yeye ni Mzanzibari wa Missouri City, kule Houston, fundi wa bastola mwenye leseni, na karakana yake iko nyuma ya nyumba. Nimemwambia alainishe na kifyatulio kabla hajanikabidhi.

Jumatatu, 6 Oktoba

Kundini wananijua kwa bastola, lakini nyumbani kwangu tunakula kwa sindano. Miaka kumi na tisa ni muuguzi katika kliniki ya kusafisha damu hapa Arlington, na mishipa iliyowashinda wengine huletwa kwangu. Sisemi kwa kujisifu. Ndivyo ratiba ilivyoandikwa.

Mama Clothilde, wa Uvira, Kongo, huja Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Mkono wake wa kushoto madaktari waliunganisha mishipa miwili ili sindano zetu zipate pa kuingia. Mshipa huo ukiharibika hana mwingine, maana mkono wa kulia walijaribu ukakataa. Yeye haruhusu mtu ila mimi.

"Docta yangu, kuya," aliniita leo, ingawa anajua mimi si daktari. "Sindano ya hawa batoto inanilizaka."

Sindano mbili, mara moja kila moja. Hakukunja hata uso.

Jumanne, 7 Oktoba

Joto bado, Oktoba hii! Mama Jessica, mke wangu, amerudi dukani bila vitunguu na bila unga. Anasema orodha niliyomwandikia ina herufi kama mayai ya chawa. Nimemwambia avae miwani.

Jumamosi, 18 Oktoba

Shaame amepanda kutoka Houston kuileta mwenyewe, saa nne na ushee barabarani. Tukajaza fomu za mauzo, tukaenda uwanjani.

Lazima nieleze vipimo vyetu, maana Shaame ndiye aliyevileta na sasa kundi zima linavitumia. Unapiga risasi kumi kwa yadi ishirini na tano, kisha unatazama ni kitu gani kinaweza kufunika matundu yote. Kizibo cha soda ni ndoto. Kikombe ni fundi. Kisahani ni mtu wa kawaida. Sahani ni mtu wa kurudi nyumbani. Kila karatasi unaiandika tarehe na jina la bastola, unaiweka. Mimi ninazo zote, kwenye boksi la viatu, tangu mwaka ule nilipoanza. Ni kikombe, kikombe, kikombe.

Leo nimepiga sahani.

Nikarudia, sahani. Alama ya mbele ilikuwa inacheza, nikiituliza inacheza zaidi. Shaame akaichukua na kupiga kikombe. Severin akaomba kujaribu, nikajua sasa tutacheka. Akapiga kikombe! Mtu aliyekuwa anafumba macho mwezi wa saba!

"Papa Mwenda, iko muzuri sana," akasema, anaibusu.

Nimemwambia Shaame kifyatulio amekilainisha vibaya. Akaanza kuokota maganda ya risasi.

Jumatano, 22 Oktoba

Nimekosa mshipa mara moja. Mgonjwa ana mishipa ya mtoto.

Jumamosi, 25 Oktoba

Risasi hamsini zimekwisha, hukumu nimeitoa. Nimesema bastola yenyewe ni chuma kizuri, lakini ina pua nzito isiyotulia, na kifyatulio kilichopita mikononi mwa Shaame hakifai. Nikawashauri wasubiri.

Kabla ya saa sita watu wanne walikuwa wamefuta oda walizomwachia Shaame wakingoja hukumu. Mmoja aliandika kwamba kama Mwenda amepiga sahani basi yeye atapiga ukuta. Nilicheka. Huku nyuma Severin ametuma picha ya kikombe kingine, na hakuna aliyemjibu.

Shaame amenitumia sauti ya sekunde saba. "Mwenda, sheikh yangu, nimeisikia hukumu. Mie sina neno." Angetukana ningejisikia vizuri zaidi.

Jumapili, 2 Novemba

Kanisani, kisha nyama kwa jirani. Jessica, binti yangu, alikuwa ananitazama mezani. "Dad, your hand is doing that thing again." Nimemwambia ni simu inatetemeka mfukoni. Simu ilikuwa jikoni.

Jumamosi, 8 Novemba

Sahani. Baridi.

Jumatatu, 10 Novemba

Upepo wa kaskazini umeingia, asubuhi gari lilikuwa na barafu kwenye kioo. Baridi inakaza vidole, kila mpiga shabaha anajua. Nimenunua vile vipakiti vya kupasha mikono.

Ijumaa, 14 Novemba

Nimekosa mara mbili kwa mgonjwa mmoja. Orpa, msaidizi wetu, ndiye aliyemalizia. Nimeacha kahawa.

Jumamosi, 15 Novemba

Bila kahawa, na mikono ina joto, na risasi ni za kampuni nyingine: sahani. Nimebadilisha miwani, sahani. Nimeipiga bastola yangu ya zamani, ile fupi, ikatoka kisahani, nikafurahi kama nimeponywa. Mnaona? Ile fupi inapiga. Tatizo ni hii ndefu.

Nimeandika kundini, maneno makali kuliko ya kwanza. Nimetumia neno "kuharibu".

Jumatano, 19 Novemba

Mvua. Mama Clothilde alibana pumzi leo nilipokuwa naingiza sindano, akaiachia ilipokaa. Siku hizi ana wasiwasi. Uzee.

Jumatatu, 24 Novemba

Shaame amenialika Missouri City Jumamosi baada ya sikukuu ya Shukrani, ile ya bata mzinga. Anataka nilete bastola zote mbili na boksi langu la karatasi. Vizuri sana. Karatasi zangu zitaonyesha wazi kwamba nilikuwa kikombe hadi siku aliponikabidhi kazi yake mbovu.

Jumamosi, 29 Novemba

Nimetoka alfajiri, nimefika kabla ya saa tano. Mkewe alituwekea chai ya maziwa na vitumbua, tukala bila kuzungumza juu ya chuma. Kisha tukaenda karakanani.

Alianza na bastola. Akaifunga kwenye kibano cha chuma kilichoshika meza, isiguswe na mkono wa mtu, akanionyesha kwa vipimo vyake kwamba kifyatulio kinavuta sawasawa. Kisha akaomba boksi.

Sakafu ya karakana ilikuwa imefagiwa. Nadhani aliifagia kwa ajili hiyo. Akazipanga karatasi moja moja kwa tarehe, kuanzia mlangoni, safu baada ya safu, huku amepiga magoti, mtu wa miaka sitini. Mimi nimesimama na kikombe cha chai, nikingoja aone aibu yake.

Mwaka jana wote ni kikombe. Januari, Februari, Machi, kikombe. Juni akaweka kikombe cha chai juu ya matundu, tundu moja likabaki nje. Julai matatu. Agosti akaweka kisahani. Septemba kisahani, tena kwa shida. Zote hizo ni za bastola yangu fupi. Ile ndefu ilikuwa haijatoka hata kiwandani.

Nimezitunza mimi mwenyewe. Nimeziandika tarehe kwa mkono wangu mwenyewe, na kila wiki nilikuwa naweka mpya juu ya ya zamani, nafunga boksi. Sikuwahi kuzitandaza zote pamoja. Nani anatandaza?

Shaame alikaa palepale sakafuni. "Mwenda, ile fupi ilikuwa ikikusitiri," akasema. "Alama zake zimekaribiana, mtetemo hauonekani. Hii ndefu haina siri. Bunduki haina tatizo, ndugu yangu. Nenda kaonwe huo mkono."

Nikamwambia yeye ni fundi wa vyuma, asinifundishe kazi yangu.

"We ndo muuguzi," akasema taratibu. "Mie n'nakuuliza wewe. Angekuja mgonjwa na karatasi hizi, ungemwambiaje?"

Nimezizoa zote kwa mikono miwili nikazitupa ndani ya boksi bila mpangilio. Nikamwambia afunge mdomo wake, na kwamba mtu aliyepoteza wateja wanne atasema lolote. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na sahani ya vitumbua vya kunifungia safari. Sikuvichukua.

Barabara nzima nimeshika usukani kwa nguvu. Ukishika kitu kwa nguvu mkono hautetemeki. Nalijua hilo, na najua linamaanisha nini, nimelisoma chuoni na nimeliona kwa wagonjwa wangu. Ninaogopa. Nina miaka minane kabla ya kustaafu na sijui kazi nyingine.

Jumatatu, 1 Desemba

Mara moja, mara moja. Mama Clothilde ametabasamu. Shaame ni mwongo.

Ijumaa, 5 Desemba

Sikwenda kwa daktari. Baada ya Krismasi.

Jumatano, 10 Desemba

Nitaandika yote, hata kama itachukua siku nzima. Wamenirudisha nyumbani mapema.

Saa kumi na moja alfajiri Mama Clothilde alikaa kwenye kiti chake, amejifunga kitenge kichwani, amebeba blanketi lake la maua. Nilipofungua sindano Orpa alikuja akasimama karibu yangu, akasema kwa sauti ndogo, "Papa Mwenda, niache miye nimutie leo. Weye pumuzika kidogo."

Ni msichana mwenye heshima, hajawahi kuniambia neno la namna hiyo. Kumbe wameshaona. Damu ilinipanda kichwani. Nikamwambia nilikuwa natia sindano hizi yeye akiwa bado anajifunza kusoma.

Sindano ya kwanza ilikaa. Ya pili iliingia, na wakati naipeleka mbele mkono wangu ukaruka. Uliruka kweli, mimi sikuutuma. Nilihisi ncha ikitoboa ukuta wa upande wa pili. Nilihisi kama mtu anavyohisi kidole kikipenya karatasi. Hapo hapo nilipaswa kuacha kila kitu. Badala yake nikasema labda sivyo, labda imekaa, nikafunga plasta, nikawasha mashine. Mashine ikasukuma damu ndani ya nyama.

Mkono wa Mama Clothilde ulivimba tukiutazama. Ulijaa hadi ngozi ikang'aa, ukabadilika rangi. Orpa ndiye aliyezima mashine. Mama alikuwa anauma blanketi lake asipige kelele, maana wagonjwa wengine walikuwa wamelala. Gari la wagonjwa likaja.

Msimamizi akanipa fomu ya tukio. Palikuwa na mistari mitano ya kueleza sababu. Nimeandika: mgonjwa alisogeza mkono.

Nimeandika hivyo. Maneno matatu tu, na sikusita hata kidogo, kalamu ilikwenda yenyewe. Nilishazoea. Kwanza ilikuwa kifyatulio, kisha baridi, kahawa, risasi, miwani, na leo bibi wa miaka sabini na moja.

Alhamisi, 11 Desemba

Sikula.

Jumatatu, 15 Desemba

Mshipa wake umekufa. Wamemwekea mrija shingoni ili damu ipitie huko. Kila muuguzi wa kazi yetu anajua mrija wa shingoni unaleta nini kwa mzee.

Jumanne, 16 Desemba

Nimekwenda hospitalini. Amekonda kwa siku sita tu. Nilisimama mlangoni na machungwa, ambayo wagonjwa wa figo hata hawatakiwi kula. Miaka kumi na tisa, halafu nanunua machungwa.

Nikamwambia, "Mama, siku ile mkono uliosogea ni wangu."

"Najua, mwana yangu."

"Nimeandika ni wewe."

"Najua na ile. Bale ba bureau ya kliniki balikuya kuniuliza. Nilibajibu, ndiyo, ni miye nilitingiza." Akapumzika, kuongea kunamchosha. "Tangu wakati ya joto niliona mukono yako iko natetemeka. Ndiyo mana nilikuwa nafunga pumuzi. Nilisema, miye nikitulia sana, weye hautakosa. Kama ningesema, bangekufukuza kazi. Na weye uko na batoto."

Nina mtoto mmoja, na ni mtu mzima. Sikumwambia. Nilipiga magoti kando ya kitanda, nikalia kwa sauti hadi muuguzi wa zamu akaja kutazama. Mama Clothilde akamwambia huyu ni mutoto wangu, mwacheni.

Nilimwahidi kwamba nitaibadilisha ile fomu. Akasema ningoje, sikukuu iko karibu, watu wasifukuzwe kazi wakati wa Noeli. Na mimi, Mungu anisamehe, nikakubali kungoja.

Jumatatu, 22 Desemba

Nimeonwa na daktari wa mishipa ya fahamu. Aliniambia nigonganishe vidole, nitembee, nigeuke. Kisha akanipa karatasi niandike sentensi moja mara sita. Ya sita ilikuwa nusu ya ya kwanza. Anasema ni ugonjwa wa Parkinson, ule unaotetemesha viungo na kufinya maandishi, na anadhani ulianza mwaka mmoja uliopita au zaidi. Akauliza kazi yangu. Nilipomwambia, akaweka kalamu chini.

Nilipofika nyumbani nimefungua ukurasa wa kwanza wa daftari hili. Tarehe 4 Oktoba nimeandika mistari yangu ndani ya mistari ya daftari, kama mtu. Leo mistari yangu miwili inaingia kwenye mmoja wa daftari. Mama Jessica alirudi dukani bila unga, na miwani yake haikuwa na kosa.

Nimemwambia yote. Alinishika ule mkono.

Jumamosi, 27 Desemba

Nimeandika kundini. Nimesema hukumu yangu ya Oktoba ni ya uongo, bastola ile ni nzuri kuliko zote nilizopata kushika, kazi ya Shaame haina doa, na aliyepiga sahani ni ugonjwa wangu.  Kisha Severin akaandika "Papa", basi, neno hilo moja.

Shaame akanipigia. Nilianza kuomba radhi, akanikata. "Yameshapita. Vitumbua vyako mke wangu bado anadai uje uvile." Nimemwambia aichukue ile ndefu, aitafutie mtu wa kuinunua. Akasema ataitia kabatini mpaka nitakapotaka kuiona.

Ijumaa, 2 Januari

Mama Clothilde amefariki leo asubuhi. Vijidudu viliingia kwenye damu kupitia ule mrija.

Jumamosi, 3 Januari

Matanga kwa mwanawe, hapa hapa Arlington. Wakongo wanaimba tangu jana. Mwanawe amenikumbatia mbele ya watu wote, akawaambia huyu ndiye muuguzi ambaye mama alimpenda. Akasema kliniki wamemweleza kwamba mama alitingisha mkono, akaharibu mshipa wake mwenyewe. Anasema alimgombeza hospitalini kwa ajili hiyo. Anajilaumu kwamba alimgombeza.

Nilimwita nje, kwenye baridi, nikamwambia. Sikumbuki maneno yote. Nakumbuka alinisikiliza hadi mwisho, akarudi ndani, akafunga mlango. Nimekaa kwenye gari hadi mikono ikafa ganzi.

Jumatatu, 5 Januari

Nimekwenda kliniki bila sare. Nimemwambia msimamizi nataka kubadilisha fomu ya tarehe kumi Desemba. Akasema mgonjwa ameshafariki, na alikwisha kukiri mwenyewe, kwa nini nijitafutie balaa. Nikasema nataka karatasi.

Nimeandika, nikampa. Akaisogeza karibu na macho, akaipeleka dirishani kwenye mwanga, akanirudishia. Haisomeki, akasema. Nikaandika tena kwa herufi kubwa. Zilianza kubwa, na kabla mstari haujaisha zilikuwa zimekwisha.

Basi nikamwita Orpa. Alikaa kwenye kiti changu, mimi nikasimama. Alinitazama akingoja, kalamu mkononi, na mkono wake ulikuwa umetulia kabisa.

Nikamwambia andika: mgonjwa hakusogeza mkono.